Sura ya 6: Mbona Godzilla Alikufa na Bado Yupo?

Karibu kila anayeanza kuzitazama filamu hizi huuliza swali hili, tena kwa kulalamika: mbona Godzilla aliuawa, tukamwona kwa macho yetu akibaki mifupa chini ya bahari, na filamu inayofuata yuko tena anabomoa mji? Nyuma yake lipo swali zito zaidi. Kwa nini Wajapani wamekuwa wakimfufua dubwana yuleyule kwa zaidi ya miaka 70, na kwa nini mara nyingine ufufuo huo unazaa filamu kubwa, mara nyingine filamu isiyokumbukwa na mtu?

Swali la kwanza lina jibu jepesi. Godzilla wa mwaka 1954 alikufa kweli na hakurudi. Filamu ya pili, iliyotoka Aprili 1955, ilisema wazi kwamba huyu ni mwingine wa jamii yake. Kuanzia mwaka 1984 watengenezaji walitumia njia nyingine: mara nyingi walipotaka kuanza upya, walizifuta filamu za katikati na kubakiza ile ya kwanza tu, kana kwamba nyingine hazijawahi kutokea. Msikilizaji wa ngano haulizi zimwi lililouawa jana usiku limefufukaje leo. Anajua hadithi imeanza upya.

Swali la pili ndilo la sura hii, na msimamo wangu nautaja mapema. Godzilla hafufuki kwa sababu kampuni imepata kompyuta bora au fedha zaidi. Anafufuka pale taifa linapokuwa na hofu ambayo halijapata mahali pa kuisemea, na pale hofu hiyo inapoangukia mikononi mwa watu waliompenda dubwana huyu tangu utotoni. Ikikosekana hofu, linabaki jitu kubwa linalovunja majengo.

Majivu juu ya meli ya wavuvi

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko wataalamu wao walivyokadiria. Meli ya wavuvi wa jodari kutoka bandari ya Yaizu, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Baada ya saa chache majivu meupe yalianza kuwaangukia mabaharia wake 23. Majivu hayo yalibeba mionzi, yaani nguvu isiyoonekana inayotoka kwenye mlipuko wa nyuklia na kuuharibu mwili kutoka ndani. Walirudi nyumbani wakiwa na ngozi zilizoungua na nywele zinazonyonyoka. Samaki wakafukiwa, na wauza samaki wakakimbiwa na wateja. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mwendesha redio wa meli hiyo, alifariki.

Wakati hayo yakitokea, Tomoyuki Tanaka wa kampuni ya Toho alikuwa na shida yake. Alikuwa mtayarishaji, yaani mtu anayetafuta fedha na kuikusanya timu ya filamu, na filamu aliyopanga kuipigia Indonesia ilikuwa imevunjika. Alihitaji nyingine ya kuweka mahali pake, haraka. Akamchukua mwongozaji Ishiro Honda, aliyewahi kuwa askari China na ambaye, akirudi nyumbani baada ya vita, alipita Hiroshima na kuuona mji ulivyoteketea. Akamchukua Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za hila. Muziki akampa Akira Ifukube.

Filamu ilitoka tarehe 3 Novemba 1954, hata wiki sita hazijatimia tangu Kuboyama afariki. Inaanza na meli ndogo baharini, mabaharia wanapumzika, ghafla maji yanawaka mwanga mkali na meli inashika moto. Hakuna mtazamaji wa Japani aliyehitaji kuelezwa mwanga ule ulitoka wapi. Mbele kidogo tunamwona mama amewakumbatia wanawe barabarani, mji unawaka, akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Tunaona hospitali iliyojaa, na mtoto anapimwa mionzi kwa kifaa kinacholia. Majeshi ya Marekani, yaliyoikalia Japani hadi mwaka 1952, yalikuwa yameyabana sana maandishi na picha kuhusu Hiroshima na Nagasaki. Sasa watu waliingia sinema wakakutana na yale waliyokuwa wameyanyamazia. Tiketi zipatazo milioni 9.6 ziliuzwa.

Ufundi wenyewe ulitokana na kukosa muda. Tsuburaya alitamani kutumia vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kama ilivyofanywa katika King Kong ya mwaka 1933, lakini kazi hiyo ingechukua miaka. Basi mtu akaingizwa ndani ya vazi. Haruo Nakajima alibeba vazi zito, la kwanza likiwa na uzito wa karibu kilo 100, chini ya taa kali, akitembea juu ya Tokyo ya mfano iliyojengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Kamera iliendeshwa kwa kasi kuliko kawaida ili picha zikionyeshwa hatua zake zionekane za polepole na nzito. Mngurumo wa Godzilla Ifukube aliupata kwa kupitisha glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu juu ya nyuzi za fidla kubwa ya besi. Ufundi wa aina hii Wajapani huuita tokusatsu, na dubwana lenyewe huliita kaiju. Neno hili la mwisho tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1956 Wamarekani waliikata filamu hiyo na kuiunganisha upya. Wakamtia mwigizaji wao, Raymond Burr, kama mwandishi wa habari anayesimulia mambo. Mwishoni mwa filamu ya Honda, mwanasayansi mzee anaonya kwamba majaribio ya nyuklia yakiendelea, Godzilla mwingine anaweza kutokea. Onyo hilo likaondolewa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dunia iliijua filamu hii bila sentensi iliyoibeba.

*Kwa ufupi:* Godzilla wa kwanza alitoka kwenye habari za gazeti la mwaka uleule. Kila ufufuo utapimwa kwa kipimo hicho.

Zimwi likujualo

Kilichofuata kilikuwa kufaulu kulikozaa kuporomoka. Mwaka 1962 Godzilla alipiganishwa na King Kong, na zaidi ya watu milioni 11 wakaenda kutazama, idadi ambayo hakuna filamu nyingine ya Godzilla iliyoifikia Japani. Toho wakajifunza kwamba mapambano yanauza. Mwaka 1964 Godzilla alisimama upande wa wanadamu dhidi ya Ghidorah, joka la vichwa vitatu. Mwaka 1967 akapewa mtoto wa kulea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kweli huyu hakutula tena, alikuja kutulinda.

Televisheni ilikuwa imeingia majumbani na kuvuta watu kutoka kwenye sinema. Kuanzia mwaka 1969 Toho walizipeleka filamu hizi kwenye maonyesho ya watoto wakati wa likizo za shule. Fedha zikapungua, vipande vya filamu za zamani vikatumika tena kujazia mapambano mapya. Tsuburaya alifariki Januari 1970. Filamu ya Machi 1975, ambayo Honda mwenyewe alirudi kuiongoza, ilitazamwa na watu chini ya milioni 1. Ilikuwa ya 15, na baada yake kukawa kimya.

Wahakiki wengi huzidharau filamu za miaka hiyo. Nadhani wanakosea. Ipo ile ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Yoshimitsu Banno, ambayo adui wake ni Hedorah, dubwana lililoota kutokana na taka za viwanda. Miaka hiyo moshi wa miji na sumu za viwandani ziliwaua na kuwalemaza Wajapani wengi. Filamu hiyo ina michoro ya katuni, ina muziki wa vijana, na ina Godzilla anayeruka angani kinyumenyume, jambo ambalo wengi hawajamsamehe Banno. Lakini ina pia watu wanaoyeyuka kwa tindikali mitaani, na watoto wanaotazama yote. Hofu ilikuwa bado hai ndani ya vazi la mpira, hata kwenye onyesho la likizo. Tena watoto waliokaa kwenye viti vile wana umuhimu mkubwa katika habari hii, kama utakavyoona.

1984: kufuta na kuanza upya

Kimya kilidumu miaka tisa. Katikati yake, Machi 1979, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island nchini Marekani kiliharibika. Kinu cha nyuklia ni mtambo unaotumia nguvu ileile ya bomu, ikiwa imefungwa na kudhibitiwa, kuzalisha umeme. Japani ilikuwa imejenga vinu vingi kandokando ya bahari, na Tanaka, sasa mzee, aliona njia ya kumrudisha dubwana wake.

Filamu ya Desemba 1984, chini ya mwongozaji Koji Hashimoto, ilibadilisha mambo manne ya msingi:

- Filamu 14 zilizofuata ile ya kwanza zilifutwa. Kwa watu wa hadithi hii, Godzilla alionekana mara moja tu, mwaka 1954.
- Godzilla alirudi kuwa adui, tena peke yake. Hakuna kaiju mwingine wa kupigana naye, kwa mara ya kwanza tangu mwanzo.
- Urefu wake ulipanda kutoka mita 50 hadi 80, kwa sababu majengo ya Shinjuku yalikuwa yamerefuka na yangemmeza.
- Chakula chake kikawa nguvu za nyuklia. Anafika kwenye kituo cha umeme, ananyofoa kinu, anakula, anaondoka.

Kinachoifanya filamu hii iishi ni chumba cha mikutano. Mabalozi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti wanamjia Waziri Mkuu wa Japani, kila mmoja akitaka ruhusa ya kumpiga Godzilla kwa bomu la nyuklia, hata akiwa katikati ya Tokyo. Waziri Mkuu anakataa. Japani ina msimamo wa kutomiliki, kutotengeneza na kutoruhusu silaha hizo ardhini mwake, na anaona kwamba ukivunjwa mara moja, hata kwa sababu ya dubwana, hautasimama tena. Mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa makombora yaliyoelekezana, na Japani ilikaa katikati ya mataifa hayo mawili. Filamu ina upungufu wake: mwendo wake ni mzito na wahusika wake vijana hawana uzito. Lakini kwa ushujaa wa kulisema jambo lililowakaa watu moyoni, naiweka juu ya nyingi zilizotengenezwa vizuri zaidi.

Wamarekani walipoichukua, walirudia yale ya mwaka 1956. Raymond Burr akaitwa tena. Katika filamu ya Kijapani, kombora la Kisovieti linafyatuka kwa ajali, na ofisa wa meli anakufa akijaribu kulizuia. Katika toleo la Marekani picha zilipangwa upya hadi ikaonekana ofisa huyo analifyatua kwa makusudi. Filamu iliyowaambia wakubwa wawili waache ikageuzwa kuwa ya mkubwa mmoja dhidi ya mwenzake.

Mfululizo ulioanza hapo ulikwenda hadi mwaka 1995, Toho walipotangaza kwamba Godzilla atakufa. Katika filamu hiyo moyo wake, ulio kama kinu cha nyuklia, unazidi joto hadi mwili unayeyuka. Mwisho huo ulikwenda na mantiki ya mwaka 1984: aliyekula vinu alikufa kama kinu. Tanaka alifariki miaka miwili baadaye.

Watoto waliokua

Mwaka huohuo wa 1995 kulitokea ufufuo mwingine, na kwa maoni yangu ndio uliofungua njia ya yote yaliyofuata, ingawa haukumhusu Godzilla. Gamera, kobe mkubwa anayeruka, alikuwa mpinzani wake wa zamani tangu mwaka 1965. Kampuni yake, Daiei, ilifilisika mwaka 1971, na kobe akabaki kitu cha kuchekwa. Mwongozaji Shusuke Kaneko na fundi wa picha Shinji Higuchi walimchukua kobe huyo kwa heshima zote. Kamera waliiweka chini, mahali ambapo mtu wa kawaida angesimama. Walijiuliza serikali ingefanya nini, jeshi lingechelewa wapi, televisheni ingetangaza vipi. Walitoa filamu tatu, 1995, 1996 na 1999, na watu wazima wakaanza kuzizungumza.

Kaneko alizaliwa mwaka 1955, Higuchi mwaka 1965. Hideaki Anno na Takashi Yamazaki, waongozaji tutakaokutana nao mbele kidogo, walizaliwa mwaka 1960 na mwaka 1964. Hiki ni kizazi kilichokua na kaiju wa televisheni na wa maonyesho ya likizo. Filamu zilizodharauliwa ndizo zilizowalea watakaoufufua mfululizo. Kampuni inayokata bajeti ya filamu za watoto kwa kudhani watoto hawaoni ingefaa ikumbuke hilo.

Majaribio mengine ya miaka hiyo nayapitia haraka. Mwaka 1998 Hollywood ilimpeleka Godzilla New York. Ikamfanya mnyama wa kawaida anayekimbia ndege za kivita na kufa kwa makombora. Fedha zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, lakini hofu yoyote ya kweli haikuwepo. Toho walirudi kazini Desemba 1999 na kutoa filamu sita hadi mwaka 2004, karibu kila moja ikianza upya kutoka 1954. Iliyo bora kati ya hizo ni ya Kaneko, mwaka 2001, ambamo Godzilla anabeba roho za waliouawa katika vita vya Pasifiki, na wamekasirika kwa sababu Japani imewasahau. Ya mwisho, kwa miaka 50 ya dubwana, ilijaza kaiju wengi na mapigano mengi, watazamaji wakawa wachache, na Toho wakafunga tena.

*Kwa ufupi:* kubadilisha ukubwa, adui au teknolojia hakukutosha. Palipokuwa na jambo la kusema, kama mwaka 2001, filamu ilisimama hata ndani ya mfululizo uliochoka.

Baada ya tsunami

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani, likafuatwa na tsunami. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au kutoweka. Katika kituo cha umeme cha Fukushima Daiichi, vinu vitatu viliyeyuka. Kwa siku nyingi wananchi walitazama mawaziri kwenye televisheni, wamevaa mavazi ya kazi, wakieleza mambo ambayo ilionekana hawayajui.

Shin Godzilla, filamu ya Anno na Higuchi iliyotoka Julai 2016, inatoka moja kwa moja kwenye siku zile. Kiumbe anapoingia mjini mara ya kwanza bado hajasimama. Anatambaa kupitia mto mdogo wa Tokyo akisukuma mbele yake boti, magari na vifusi. Kila aliyetazama picha za tsunami aliyatambua maji yale. Serikali nayo inakaa kikao, inahamia chumba kingine, inakaa kikao kingine. Waziri Mkuu anawaambia wananchi kwamba dubwana haliwezi kupanda nchi kavu, na muda huohuo limepanda. Mtu anaweza kudhani filamu yenye vikao vingi hivi itachosha, lakini vikao vyenyewe ndivyo vinavyotisha.

Mwishoni silaha hazisaidii. Wanasayansi na maofisa wa ngazi za chini, wale wasiosikilizwa, wanabuni namna ya kumgandisha Godzilla kwa kumnywesha dawa, na wanaipampu kwa malori ya kumwagia zege. Malori ya namna hiyo ndiyo yaliyotumika Fukushima kumwaga maji juu ya vinu. Godzilla anaganda akiwa wima karibu na kituo cha reli cha Tokyo, na anabaki hapohapo. Hafi wala haondoki. Watu wa mji watalazimika kuishi naye, kama wanavyoishi na vinu vilivyoyeyuka.

Huyu ndiye Godzilla wa kwanza wa Toho aliyetengenezwa kwa kompyuta badala ya vazi katika filamu ya Godzilla ya waigizaji hai. Mwendo wake ulitolewa na Mansai Nomura, mwigizaji wa kyogen, sanaa ya jukwaani yenye karne nyingi. Filamu iliingiza yeni bilioni 8.25 nchini Japani na mwaka 2017 ikapata tuzo ya filamu bora ya taasisi ya filamu ya nchi hiyo.

Nchi isiyo na jeshi

Yamazaki alikwenda kinyume na Anno katika kila kitu. Godzilla Minus One, iliyotoka tarehe 3 Novemba 2023, siku ileile ya filamu ya kwanza, inaturudisha miaka ya 1945 hadi 1947. Hakuna serikali ya maana, hakuna jeshi, na Wamarekani hawataki kujiingiza kwa kuhofia kuwachokoza Wasovieti. Mhusika mkuu, Shikishima, ni rubani aliyepangiwa kufa kwa kuibamiza ndege yake kwenye meli za adui. Alisingizia ndege imeharibika, akabaki hai. Anarudi Tokyo iliyokuwa majivu, na jirani aliyefiwa na watoto anamlaumu usoni: kwa nini wewe umerudi?

Filamu inauliza kama mtu anayo haki ya kuishi baada ya kuambiwa na taifa lake kwamba wajibu wake ni kufa. Wanaomkabili Godzilla ni raia na mabaharia wa zamani, wamejitolea kwa hiari, na kiongozi wao anawaambia kwamba vita vile vilichezea uhai wa watu, basi safari hii nia yao iwe kutompoteza hata mmoja. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha karibu miaka 80 nyuma. Lakini hilo la kulazimishwa kufa, na la aibu ya aliyepona, halikuwa limesemwa na filamu ya Godzilla kwa uwazi namna hii.

Kazi ya picha ilifanywa na mafundi 35 tu, kwa picha 610, chini ya Yamazaki mwenyewe, na gharama ya filamu nzima ilikuwa chini ya dola milioni 15, kiasi ambacho Hollywood hutumia kwa sehemu ndogo ya filamu ya aina hii. Machi 2024 walipata Oscar ya picha za ufundi. Katika miaka 70 hakuna filamu ya Godzilla iliyokuwa imewahi hata kupendekezwa kuwania tuzo hizo.

Uanzie wapi

Msomaji anayetaka kuingia kwenye filamu hizi asianze na ya karibuni. Atafute ya mwaka 1954, nyeusi na nyeupe, toleo la Honda lenye maneno ya Kijapani na tafsiri chini ya picha, na ahakikishe si lile la mwaka 1956 lenye mwandishi wa habari wa Kimarekani. Kisha ya 1971, kwa moyo mweupe. Kisha ya 2016 na ya 2023, na asizitazame siku moja. Ukizifuata kwa mpangilio huo, hutahitaji tena kuuliza kwa nini Godzilla anarudi. Utakuwa unauliza safari ijayo atarudi na nini.